Mtoto Aliyewekwa Kikapuni



Katika somo la mwezi huu tunataka kusema juu ya jambo ambalo sisi wazazi hatupendi kulisikia, yaani mapenzi yasiyo sawa kwa watoto wa nyumba moja. Mzazi ukimwuliza ni yupi katika watoto wake ampendaye zaidi, atakujibu upesi kwamba wote ni sawa kwake, kama vidole vya mkono mmoja. Asemapo hivyo hakumbuki kwamba vidole vya mkono havilingani. Lakini waulize watoto wenyewe, tena mmoja mmoja, wakati hakuna anayesikiliza, nao watakupa habari nyingine.

Tumeona heri tulieleze jambo hili kwa njia ya hadithi, kwa sababu hadithi humfikia mtu mahali ambapo mahubiri hayafiki. Hadithi yenyewe imo katika kitabu cha Kiingereza kiitwacho Jacob Have I Loved, maana yake "Nalimpenda Yakobo". Kilitolewa Marekani mwaka 1980, na mwaka 1981 kilipewa nishani ya Newbery, ambayo hutolewa huko kila mwaka kwa kitabu bora cha watoto na vijana. Mwandishi ni Katherine Paterson. Alizaliwa Uchina mwaka 1932, wazazi wake wakiwa wamisionari huko, na alipokua yeye naye alifanya kazi ya umisionari Japani kwa miaka minne, kisha akaolewa na mchungaji. Twasema haya ili msishangae kwamba kitabu cha vijana kimepewa jina kutoka katika Waraka kwa Warumi. Mama huyu aliijua Biblia, na alijua pia jinsi Biblia inavyoweza kutumiwa vibaya mezani pa watu.

Kwa kuwa si wote wasomao Kiingereza, na tena kitabu hakipatikani kwa urahisi, tutawasimulia kwa ufupi.

Ni habari ya kisiwa kidogo kiitwacho Rass, katika Ghuba ya Chesapeake, upande wa mashariki wa Marekani. Kisiwa hicho ni cha kubuni, lakini visiwa vya namna hiyo vipo kweli katika ghuba ile. Watu wake ni wavuvi wa kaa na chaza, na ni Wamethodisti wa kushika sana dini. Wakati ni ule wa Vita Kuu ya Pili. Katika nyumba moja wanaishi baba mvuvi aitwaye Truitt Bradshaw, mkewe Susan ambaye alikuja kisiwani kuwa mwalimu wa shule, bibi mzaa baba, na mabinti wawili mapacha. Wa kwanza ni Louise, wa pili ni Caroline. Kwetu Wasukuma na Wanyamwezi wangewaita Kulwa na Doto, na mambo yangekuwa wazi: huyu alitangulia, yule alifuata, na kila mmoja ana jina lake la heshima. Kule Rass kutangulia hakukumletea Louise heshima yo yote.

Usiku ule wa kuzaliwa, Louise alitoka salama, akalia, hakuwa na neno. Caroline alipofuata hakuvuta pumzi. Mkunga akahangaika naye, nyumba nzima ikahangaika, na baadaye mtoto akakimbizwa hospitali ng'ambo. Alipona. Tangu siku ile habari ya jinsi Caroline alivyonusurika ikawa ndiyo hadithi ya nyumba, ikisimuliwa tena na tena mbele ya wageni. Siku moja Louise, akiwa msichana, akamwuliza mama yake: wakati wote mlipokuwa mkimshughulikia Caroline, mimi nilikuwa wapi? Mama akanyamaza kidogo akijaribu kukumbuka. Kisha akamwambia kwamba bibi alimwogesha, akamvika nguo, akamweka kikapuni.

Tulipokisoma kitabu hiki pamoja na vijana na akina mama wachache, hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Mama mmoja mwenye watoto sita alisema, "Lakini angefanya nini? Mtoto mmoja anakufa mikononi mwako, na mwingine amelala salama. Utamshika yupi?" Kweli, hakuna mzazi mwenye akili ambaye angefanya vingine. Kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akajibu polepole, "Usiku ule ndiyo. Lakini yule mwingine aliendelea kukaa kikapuni miaka kumi na mitatu." Hatukupata la kuongeza.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Caroline alikuwa mzuri wa sura na mwenye sauti ya kuimba isiyo na mfano kisiwani. Fedha kidogo iliyopatikana ilitumika kumpeleka bara kufundishwa muziki. Louise alikuwa na nguvu, hakuugua, hakusumbua mtu. Alitoka na mashua ndogo pamoja na rafiki yake Call kutafuta kaa, na kile alichopata kilisaidia nyumbani. Kila mtu alimtegemea, wala hakuna aliyemtazama. Mikono yake ikawa migumu kwa kazi ya maji ya chumvi, naye akaona haya, akajinunulia chupa ya mafuta ya mikono. Akamkuta Caroline akijipaka mafuta yale. Louise aliitupa ile chupa ukutani kwa hasira ambayo wa nyumbani hawakuielewa hata kidogo. Kwao ilikuwa ni chupa tu.

Mwandishi hakumfanya Caroline kuwa msichana mwovu, na hilo twalisifu. Ni binti wa kawaida aliyezoea kupewa, naye hupokea kama ilivyo desturi ya waliozoea kupewa. Wala wazazi si wakatili. Baba ni mpole, mama ana subira ya ajabu. Na Louise naye si malaika. Ana kijicho, ni mkaidi, huficha jeraha lake na kisha huwalaumu watu kwa kutoliona. Huota ndoto kwamba Caroline amekufa, akaamka na furaha pamoja na hofu ya hatia. Yeye mwenyewe ndiye msimulizi, na msomaji mwangalifu ataona kwamba mara nyingine upendo ulimpitia karibu naye akaukataa. Wazazi wake walipofikiri kumpeleka shule ya bweni ng'ambo, aliona kwamba wanataka kumwondoa machoni pao. Mtoto aliyekwisha kuamini kwamba hapendwi, hata zawadi huiona kuwa ni fukuzo.

Sasa tunafika kwenye ile aya. Mzee mmoja, Kapteni Wallace, ambaye Louise alimpenda na kumtumikia kwa moyo wake wote, alipata urithi wa marehemu mke wake. Akaamua fedha zile zimsomeshe Caroline muziki mjini Baltimore. Louise amesimama akisikia habari hii, na bibi yake akamjia karibu akamnong'oneza lile neno la Warumi, sura ya 9, aya ya 13, lisemalo kwamba Mungu alimpenda Yakobo na kumchukia Esau. Esau ndiye pacha wa kwanza. Louise alikwenda kuifungua Biblia ili ajue ni nani asemaye maneno yale. Pengine alitumaini kwamba ni maneno ya Isaka, au ya mtu mwingine. Akaona kwamba asemaye ni Mungu mwenyewe. Tangu hapo akaacha kusali, akaacha na kwenda kanisani.

Ndugu zetu, tuseme wazi. Neno la Mungu ni upanga, lakini halikutolewa ili bibi amchome nalo mjukuu wake. Bibi yule alikuwa na kidonda chake cha zamani. Alipokuwa binti mdogo alimpenda mtu ambaye hakumtazama hata mara moja, na kidonda hicho kilioza ndani yake kwa miaka zaidi ya hamsini. Twamhurumia. Hata hivyo twajua kwamba hata katika nyumba zetu wako watu wenye kutumia aya za Biblia hivyo hivyo: mtoto mtundu huambiwa yeye ni Kaini, binti huambiwa yeye ni Yezebeli, na anayeambiwa huenda asisahau mpaka kaburini.

Tena aya yenyewe haisemi habari ya malezi. Mtume Paulo anataja maneno ya nabii Malaki, sura ya kwanza. Na Malaki aliyasema miaka mingi sana baada ya Yakobo na Esau kufa na kuzikwa. Anasema juu ya mataifa mawili, Israeli na Edomu, akiwajibu watu waliokuwa wakinung'unika kwamba Mungu hawapendi. Na katika lugha ya Kiebrania neno "kuchukia" mara nyingine lina maana ya kumpenda mtu kwa upungufu kuliko mwingine. Tazama Mwanzo 29, aya ya 30 na 31: kwanza twaambiwa kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na mara moja baadaye Lea anaitwa mwenye kuchukiwa. Hatusemi kwamba kwa maelezo hayo ugumu wote wa Warumi 9 umekwisha. Wenye elimu kuliko sisi wameumwa kichwa kwa sura ile. Lakini mtu asiifunge Biblia aya ya 13. Paulo anaendelea mpaka sura ya 11, na huko, katika aya ya 32, anafika kwenye rehema ya Mungu kwa watu wote.

Louise hakupata mtu wa kumwonyesha hayo. Kama angalisoma Mwanzo 25:28 angaliona jambo jingine pia. Isaka ndiye aliyempenda Esau, tena sababu yake ni tumbo: alipenda kula mawindo yake. Rebeka alimpenda Yakobo. Kila mzazi alijichagulia wake, na nyumba ikapasuka katikati. Na yule Yakobo, aliyejua vizuri jinsi inavyokuwa baba anapompenda ndugu yako kuliko wewe, alipopata watoto alifanya nini? Alimshonea Yusufu kanzu ya peke yake, wale wengine kumi wakitazama. Basi tusijidanganye kwamba aliyeumizwa utotoni atakuwa mwangalifu kwa watoto wake. Mara nyingi huwa vingine.

Turudi nyumbani kwetu. Si lazima mtu awe na mapacha. Iko nyumba ambayo ndani yake mtoto mmoja ana ugonjwa wa seli mundu au pumu, na mama hulala hospitali naye siku nyingi. Wale wengine hubaki na dada yao mkubwa, naye hupika, huchota maji, huwaogesha wadogo zake, na watu husema, "Huyu binti hana neno kabisa." Iko nyumba ambayo ada ya shule ilitosha mtoto mmoja tu. Akachaguliwa mwenye akili, na mwenye nguvu akabaki shambani. Miaka ishirini baadaye yule msomi anakuja na gari siku ya Krismasi, anachinjiwa, anaombewa, anaketishwa mbele. Aliyebaki na wazazi ndiye aliyemkamata mbuzi, na sasa anapuliza moto nyuma ya nyumba. Twafahamu kwamba wazazi hawakufanya hivyo kwa ubaya. Fedha hazikutosha, ugonjwa haungojei. Lakini twauliza: je, mtu yupo aliyewahi kumwambia huyu wa nyuma ya nyumba kwamba anaonekana?

Katika kitabu, jambo hilo lilitokea kwa kuchelewa sana. Caroline alikwenda zake kusoma muziki, na baadaye akaolewa na Call, yule yule rafiki wa Louise wa mashuani. Louise aliacha shule akamsaidia baba yake kuvua chaza wakati wa baridi, kazi ambayo wanawake wa kisiwani hawakuifanya. Usiku alisoma vitabu nyumbani akifundishwa na mama yake na Kapteni. Siku moja, akiwa na mama yake katika kazi ya kusafisha madirisha, uchungu wote ukamtoka. Mama hakukasirika. Akamwambia kwamba hakuna aliyemfunga kisiwani, aweza kuondoka, ila yeye na baba yake watamkosa mno. Louise akauliza: mtanikosa kama mnavyomkosa Caroline? Mama akamjibu kwamba watamkosa kuliko Caroline.

Neno hilo moja tu, naye akapata nguvu za kuondoka. Ndipo twaona kwamba upendo ulikuwapo tangu zamani. Ulikosa kusemwa. Baba wengi katika mtaa wetu watasema, "Lakini mtoto anajua nampenda, mimi ndiye ninayemlisha." Ndugu yetu, Louise naye alilishwa.

Tumewabakizia mwisho wa hadithi. Louise alitaka kuwa daktari, akaambiwa vyuo vya udaktari vimejaa askari waliorudi vitani, hivyo akasomea uuguzi na ukunga. Akaenda kufanya kazi katika bonde moja la milimani, mbali na bahari, akaolewa huko na mjane mwenye watoto watatu, naye akazaa mtoto wake mwenyewe. Usiku mmoja wa baridi kali aliitwa kumzalisha mama kijana. Wakawa mapacha. Wa kwanza, mvulana, alitoka vizuri, naye akampokeza bibi wa mtoto. Wa pili, msichana, alikuwa mdogo sana na dhaifu. Louise akapigana kwa ajili yake. Alimbatiza, akihofu kwamba hatafika asubuhi, kama vile desturi ya Kanisa inavyoruhusu pale ambapo kasisi hawezi kufika. Akampasha joto. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akinyonyesha, akampa yule mtoto ziwa lake, akanyonya, akaanza kupona.

Hapo ndipo alipokumbuka kwa kushtuka kwamba walizaliwa watoto wawili. Akauliza, yule mwingine yuko wapi? Bibi wa mtoto akajibu kwamba amelala kikapuni. Louise alikuwa amemsahau kabisa. Yeye, katika watu wote! Akawaambia kwamba mtoto huyo naye anapaswa kushikwa, wamshike kadiri wawezavyo, au mama yake amshike.

Twaomba vikundi vya nyumba kwa nyumba vilisome somo hili mtakapokutana, pamoja na Mwanzo 25, 27 na 33, na vijana wawepo, wasitumwe kuandaa chai wakati wa mazungumzo. Katika sura ya 27 angalieni aya ya 38, swali ambalo Esau anamwuliza baba yake huku akilia, na mfikiri mngemjibuje. Katika sura ya 33 angalieni ni nani kati ya ndugu wale wawili aliyepiga mbio kwenda kumkumbatia mwenzake.

Na kabla ya siku hiyo tunawapa wazazi kazi moja. Louise aliijua hadithi ya kuzaliwa kwa Caroline kwa moyo, neno kwa neno, lakini yake mwenyewe haikuwapo. Basi chukueni jioni moja mwasimulie watoto wenu habari ya kuzaliwa kwao, kila mmoja yake: mvua ilikuwa inanyesha au jua linawaka, nani alikwenda kumwita mkunga, jina lilitoka wapi, nani alimshika kwanza. Mwanzeni na yule ambaye hakuwasumbua. Kama hamkumbuki, mwulizeni bibi au shangazi aliyekuwapo, mapema, wangali hai.